Pasaka niliyompigia mzee Windows 7

Mwaka 2014 Microsoft walisema tarehe 8 Aprili ndo mwisho wa kuihudumia Windows XP (ule mfumo wa kuendeshea kompyuta), kuanzia hapo hakuna tena viraka vya usalama, na mi kwa vile ndo mtu wa kompyuta wa ukoo (kwetu ukijua tu kuunganisha printa umeshapewa cheo) nikasema Pasaka hiyo nikienda nyumbani Morogoro ile mashine ya mzee iliyokuwa bado na XP naiwekea Windows 7. Mzee mwenyewe habari ya tarehe 8 haikumgusa hata kidogo. Nilimpigia nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, afu akauliza, "Kwa hiyo tarehe 9 haitawaka?" Nikamwambia itawaka baba. "Basi." Simu akampa mama.

Kilichomgeuza ni flashi. Mzee ni mwalimu mstaafu na kipindi kile alikuwa mhazini wa jumuiya, mahesabu yote ya michango anayo kwenye Excel, ila printa nyumbani hakuna, kwa hiyo kila akitaka kuprinti anabeba flashi anaenda stesheneri, na kila ikirudi inarudi na ule ugonjwa ambao kila aliyetumia kompyuta miaka ile anaujua: unaifungua unakuta mafolda yote yamegeuka shotikati (vialama vya njia ya mkato), ukibonyeza unaingia kweli lakini na mdudu, yaani kirusi, naye umeshamkaribisha ndani. Faili zenyewe hazifutwi, zinafichwa tu. Nilishamfundisha kwa simu kufungua lile dirisha jeusi na kuandika attrib -h -r -s /s /d *.* (amri ya kuzifichua) na akawa anaiweza vizuri tu, mtu wa zaidi ya miaka 60, anaandika pole pole nafasi na mikwaju yote iko sawa. Sasa wiki chache kabla ya Pasaka anatakiwa kusoma taarifa ya fedha mbele ya wazee wa kanisa, kuchomeka flashi, shotikati tupu. Jioni akanipigia mwenyewe, na mzee si mtu wa kupiga simu. "Hiyo Windows yako inazuia hili?"

Nikamwambia ukweli kwamba kuzuia kabisa hapana, ukibonyeza mwenyewe umebonyeza, ila XP ya kwake ina tabia ya kukurupuka, ukibonyeza tu alama ya flashi kuifungua inaweza kuendesha kilichomo bila hata kuuliza. Microsoft walikuja kuiziba hiyo tabia mwaka 2011 kwa njia ya apdeti, ila mashine ya mzee apdeti ingeionea wapi, bando tulikuwa tunaweka kwenye modemu la kusomea barua pepe basi. Windows 7 tangu itoke Oktoba 2009 flashi haiiendeshi yenyewe. Akanyamaza kidogo. "Njoo nayo."

Mashine ilikuwa Pentium 4, ilitoka Kariakoo used, diski GB 80, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) MB 512, kioo cha chogo kinachokula nusu ya meza. Windows 7 ya bit 32 inataka prosesa ya GHz 1, nafasi ya GB 16 kwenye diski na RAM isiyopungua GB 1, kwa hiyo kote tulikuwa tumetimia isipokuwa RAM. Nikapita Kariakoo nikachukua vipande viwili vya RAM vya GB 1, aina ya DDR2. Windows 8 ilishatoka toka 2012 ila ile ilikuja haina kitufe cha Start, sasa mzee alivyokuwa ameshikilia Start yake angenifukuza na mkoba wangu. Afu kuna kitu wengi wanakisahau, zile mashine za zamani nyingi zinasoma CD tu, na Windows 7 iko kwenye DVD, kwa hiyo nilishaihamishia kwenye flashi ya GB 4 nikiwa Dar. Mzee aliikagua ile flashi akauliza ni ya kununua au ya kuiba. Ya kununua baba. Ndo akaruhusu.

Ijumaa Kuu hakuna kazi, kwa hiyo tulianza Jumamosi asubuhi, mvua za masika zinapiga bati hadi mnasemezana kwa kupaza sauti. Nikalaza CPU (boksi lenyewe la kompyuta) mezani nikafungua ubavu. Vumbi la miaka limeganda kwenye feni limekuwa kama blanketi, na chini pembeni ya waya za pawa kuna mayai ya mende. Mama alichungulia mara moja akarudi jikoni. Mzee ndo alikuwa anamulika, ameshika kitochi chake, na kila nikinyoosha mkono anauliza hicho nini, hicho kinafanya nini, yaani nilijihisi niko kwenye mtihani wa mdomo. Zile RAM mpya tulivyozipachika mashine ikapiga mlio, kioo cheusi. Nikazitoa, nikamwomba mzee ufutio, akaleta ule wake wa kufundishia, nikasugua pini za dhahabu pande zote mbili hadi zikang'aa, nikapuliza, nikarudisha mpaka vishikizo vikalia ka! Ikawaka, imesoma GB 2. Mzee akauchukua ufutio wake akauangalia kwa heshima mpya.

Mafaili yote nilishayanakili kwenye diski ya nje, maana kutoka XP kwenda 7 hakuna kupanda moja kwa moja, unachagua "Custom" inajiweka upya, na usipofomati vitu vya zamani inavikusanya kwenye folda inaitwa Windows.old. Programu zote unaanza kuweka moja moja. Basi bwana, ikafika pale inapotandaza mafaili, asilimia zinajivuta, na luku ikaanza kulia. Uniti zimekaribia kwisha na mama yuko na pasi, nguo za watu wote za kanisani zimepangwa kitandani. Umeme ukikata pale tunaanza upya. Nikamwangalia mzee, mzee akamwangalia mama, mama akasema hao Wazungu wako watangoja au watakuazima shati la kuvaa kesho? Mwisho pasi ilichomolewa, ila kwa masharti. Mdogo wangu akatimuliwa dukani na mvua ile ile, akarudi na karatasi imelowa, mi nikasimama kwenye mita na mzee anasoma zile namba 20 kwa sauti ya kutoa imla darasani, nne nne, anatua, anarudia. Mita ikakubali. Mama akachomeka pasi yake.

Jioni ikawaka vizuri. Driva ya sauti niliishusha kwa simu, betri ya saa kule ndani nikabadilisha kwa sababu kila ikizimwa tarehe ilikuwa inarudi nyuma miaka, Office nikamrudishia ile ile ya 2003 asije akapotea kwenye menyu. Nikadhani tumemaliza. Mzee akavuta kiti, akaleta daftari.

Hilo daftari ni kauntabuku ya kwaya mbili ambayo ameandika kila kitu cha kompyuta tangu siku ya kwanza, kwa ule mwandiko wa ubaoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa hivi: Washa stabilaiza, subiri taa ya kijani. Washa CPU. Usiguse kitu mpaka kilima kitokee. Bonyeza Start ya kijani chini kushoto. Fungua My Documents. Akaanza kusoma huku anajaribu. Stabilaiza sawa. CPU sawa. Kilima? Kimetoka kioo cha bluu na nembo ya Windows katikati. Start? Kuna kiduara tu, hakijaandikwa kitu. My Documents? Imeandikwa Documents peke yake, na My Computer nayo imekuwa Computer. Akaweka kalamu chini. "Sasa hata jina la mwenye mali wametoa."

Nikaona hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Yale ya mchana ilikuwa vyuma. Mzee hakutaka kufuta hata mstari, akachukua rula akapiga mstari mwekundu chini ya ukurasa wa zamani, akafungua mpya, akaandika juu TOLEO LA PILI, na tukakaa mpaka usiku tunatunga upya hatua moja moja, nikisema "kile kiduara" anakataa, anataka jina, tukakubaliana "kitufe cha duara (zamani Start)". Ukurasa wa attrib aliuacha kama ulivyo. Na alichogoma kabisa ni kilima. Miaka yote alikuwa anaamini ile picha ya kilima kijani na mawingu ya kwenye kioo cha XP ni Njombe, alifundisha kule ujanani, na anakwambia hadi njia ya kufika. Nikamwambia baba, ile alipiga Mmarekani, Charles O'Rear, mwaka 1996 huko California. "Huyo hajafika Njombe?" Nikashindwa nimjibu nini. Nikaingia Windows.old, humo ndani kwenye folda ya Web kuna Wallpaper, Bliss.bmp hii hapa, nikamwekea. Hatua ya tatu ikabaki neno kwa neno.

Mama yeye hakuhitaji daftari. Alifungua karata, akaona zimekuwa kubwa na zinang'aa, akasema hii nzuri, akaendelea.

Jumatatu ya Pasaka nafunga mkoba nisikie honda getini. Ni mwalimu mwenzie mzee, amepakata CPU kwenye bodaboda, imefungwa kiroba cha mchele, na mzee anampokea anamweleza habari za ufutio kwa ufasaha kama fundi wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, nikafungua ubavu: RAM MB 256. Nikageuka kumwambia mzee mi basi langu la saa nane, nikamkuta ameshawasha kitochi. "Nimemwambia utapanda la jioni."