Siku moja maishani mwangu: nafungasha spana za safari

Nikisema mimi ni fundi, watu wananielewa. Nikisema nusu ya kipato changu ni kufungasha vifaa vya watu wanaosafiri, wanacheka. Kuna aliyewahi kuniuliza pembeni kama spana zenyewe ni za wizi. Nina gereji ya chini ya mwembe hapa Kimara, Dar es Salaam. Mtu ana gari na safari ya mbali, namwandalia kifurushi kinachoingia chini ya kiti, chenye vifaa vya gari lake yeye, si vya magari yote duniani. Leo nimeamua kuandika nilivyoshinda.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye mwendokasi kwenda Gerezani, kwenye maduka ya vifaa karibu na Kariakoo. Kwenda hakuna kazi. Shughuli ni kurudi na kilo nane za chuma kwenye basi lililojaa.

Saa mbili maduka yakaanza kufunguliwa. Mfukoni huwa natembea na bolti tatu, zenye vichwa vya milimita 10, 12 na 14, nilizozing'oa kwenye injini ya Toyota iliyokufa. Kila spana naijaribu kwenye bolti yake kabla sijatoa hela. Ikicheza hata kidogo naiacha, maana spana inayocheza hula kichwa cha bolti mpaka kiwe duara, na hapo hata mimi mwenyewe nitalia. Muuzaji wangu ananijua. Leo kaniuliza, "Fundi, unanunua spana au unaoa?" Nikamwambia kuoa sikuchukua muda mrefu hivi.

Mteja wa leo ana Toyota IST. Gari hilo linataka zaidi 10, 12 na 14, kisha 8, 17, 19 na 21 za kusindikizia. Sikununua 13, hiyo waachie wenye magari ya Mjerumani. Ya 10 nilichukua mbili, kwa sababu ndiyo inayofungua vichwa vya betri na ndiyo inayopenda kudondokea ndani ya injini isionekane tena. Nikaongeza plaizi, bisibisi ya kubadilisha ncha, testa ya taa, fyuzi za rangi zote, klipu mbili za mpira wa rejeta, tepu ya umeme na tochi ya kuvaa kichwani. Tochi ya mkononi ni ya mtu mwenye mikono mitatu.

Saa nne nilikuwa nimerudi, nikanywa chai na chapati mbili. Mama wa cherehani jirani yangu alikuwa amemaliza kushona mkoba kwa miguu ya jinzi kuukuu ya mtumba: kila spana na mfuko wake, unakunja kama mkeka, unafunga kwa ukanda wa tyubu. Sipendi yale maboksi ya plastiki. Yanapiga kelele njia nzima, na kifaa kikikosekana huoni. Kwenye mkoba, mfuko mtupu unakusema wenyewe.

Saa sita mteja akaingia na mkewe. Shati jeupe, simu sikioni. Kesho alfajiri wanakwenda Singida, kilomita karibu 700. Kabla sijafungua mdomo akatoa kwenye buti boksi kubwa jeusi linalong'aa. "Fundi, kuna mtu kaniuzia hili, vipande mia na nane. Sasa wewe yako ina vipande vingapi?"

Nikamwambia ishirini na kitu.

"Na unataka hela zaidi?"

Nikafungua boksi lake taratibu ili nisimvunjie heshima mbele ya mama, yaani mkewe. Zaidi ya nusu ni ncha za bisibisi na soketi ndogondogo ambazo IST haina pa kuziweka. Ya 21, inayofungua nati za magurudumu, haimo. "Mzee," nikamwambia, "ukipata pancha njiani kule Manyoni usiku, hili boksi utalitumia kukalia."

Mama akacheka. Mzee hakucheka. Na hapo ndipo mchana wangu ulipoishia.

Sheria yangu ni moja: mkoba haufungwi mpaka kila kifaa kimejaribiwa kwenye gari lenyewe, na anayejaribu ni mwenye gari. Mzee akasema yeye kaja kununua spana, hakuja kufunguliwa magurudumu. Nikasema basi vifaa sitauza. Tukatazamana. Mama akavua viatu vyake vya kisigino, akavaa kandambili za dogo wangu wa gereji, akasema, "Nionyeshe mimi."

Tairi la akiba kwanza. Ni lile jembamba la muda, limeandikwa ubavuni lisizidi kilomita 80 kwa saa na lijazwe upepo 60. Tukapima: 12. Mzee akasema si lilikuwa jipya. Sikujibu. Nati zikafuata. Walizikaza kwa mashine ya upepo, na spana fupi iliyokuja na gari haikuzitikisa. Ndiyo maana huwa naweka bomba la nusu mita: unalichomeka kwenye mkono wa spana, na mama mwenye mwili mdogo anafungua bila kupanda juu yake kama anacheza sarakasi. Moja, mbili, tatu.

Ya nne haikuingia kwenye spana.

Nikainama kuangalia. Nati ya kufuli. Kila gurudumu lilikuwa na moja, ya kuzuia wezi, na ufunguo wake ni kijisoketi chenye umbo la ajabu ndani. Nikauliza uko wapi. Mzee ndiyo kwanza anasikia kuna kitu kama hicho. Tukapekua dashibodi, chini ya viti, kwenye tundu la jeki. Labda ulibaki Japani. Miaka miwili mtu huyu ametembea na magurudumu manne ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyafungua.

Sasa fikiria jua la saa saba, na mzee amesimama juu ya kichwa changu. Nilichukua soketi kuukuu ya 19 yenye meno kumi na mawili, nikaigongomea kwa nyundo juu ya nati mpaka ikang'ata, nikaweka mkono mrefu, nikabembeleza. Ikatoka. Nati imekwama ndani ya soketi, kwa hiyo unaitoa kwa kuigonga kwa chuma kutoka nyuma, halafu unaanza gurudumu la pili. La pili likatoka. La tatu likateleza mara nne, nikachubua vidole viwili, na mzee anauliza, "Fundi, una uhakika unajua unachofanya?" Kila baada ya dakika tano anauliza. Mara aseme rimu zinakwaruzwa. Mara ampigie simu fundi wake mwingine, ampe maelezo yote kwa sauti, kisha anigeukie: "Anasema ungeacha tu." Ndiyo, ungeacha. Huyo fundi hatakuwa naye Manyoni.

Dogo nilimtuma kwa bodaboda akatafute nati nne za kawaida, nyuzi za 12 kwa 1.5. Akarudi na za gari lingine. Nikamrudisha. Sikumgombeza, nami niliwahi kuwa dogo.

Sijui ilikuwa saa ngapi gurudumu la nne lilipokubali. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimevuka barabara. Chakula cha mchana sikula. Mama akarudia zoezi lote mwanzo hadi mwisho: ubao chini ya jeki kwa ajili ya mchanga, kulegeza nati kabla gari halijanyanyuliwa, kukaza kwa mshazari. Alitumia dakika kumi na saba. Mzee alikuwa kwenye kivuli na simu yake.

Malipo ndiyo yalinimaliza. Vifaa alilipa, nati alilipa. Nilipotaja elfu thelathini za ufundi, akasema, "Ufundi gani, si mke wangu ndiye aliyefungua?" Vidole vyangu bado vilikuwa na damu. Watu wanalipia spana. Kujua ipi ya kuacha dukani hawalipii, kwa sababu spana usiyoinunua haionekani kwenye mkoba. Mama akafungua pochi yake akanipa ishirini, akasema nyingine atatuma. Mkoba akauweka chini ya kiti chake yeye. Lile boksi jeusi likarudi kwenye buti, juu ya tairi la akiba, palepale nilipowaambia pasiwekwe kitu.

Nimefika nyumbani usiku, nimeoga, mgongo hautaki kunyooka. Saa nne simu ikaita, ni mama. Nikadhani gari limekufa.

"Fundi samahani, ile fyuzi ya bluu ni ngapi?"

"Ampea kumi na tano."

"Na ya njano?"

"Ishirini."

"Haya, asante. Elfu kumi yako nimetuma sasa hivi."

Nikatoa bolti zangu tatu kwenye suruali kabla haijaingia kwenye beseni. Kesho kuna mtu wa Hiace.