Ufunguo chini ya mlango: nilivyorudi kuimba baada ya kuachwa

Uzi mwembamba kuliko wote ulikatika mara tu nilipoanza kulikaza gitaa. Lilikuwa limelala kwenye mfuko wake miaka sita, nyuzi zimeshika kutu, na mimi nilikuwa na miezi minne tangu niachwe. Nilikaa kitandani nimeushika ule uzi, nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku aliyoondoka.

Niliyempenda alikuwa pia mtunzi mwenzangu. Albamu ya kwanza tuliitoa wenyewe, ikapata wasikilizaji wachache walioipenda kwelikweli. Ya pili tuliifanya chini ya lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ikafa kabla haijasikika, nami nikaacha kuimba. Hayo yalipita.

Nyimbo kumi na moja za mwanzo nilizoandika baada ya kuachwa zilikuwa mbaya. Zote zilikuwa mashtaka: umenidanganya, umenitupa, umenisahau. Nilizirekodi kwa simu, nikamtumia rafiki yangu aliyewahi kunipigia besi. Akanijibu: "Dada, kwamba amekukosea nimeelewa tangu wimbo wa kwanza. Sasa mbona wewe mwenyewe sikuoni humu?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikazifuta zote, nikabakiza mstari mmoja tu uliotaja ufunguo.

Yule aliyeniacha aliporudisha ufunguo wa nyumba hakubisha hodi. Aliutia kwenye bahasha akaisukuma chini ya mlango, na mimi nilikuwa ndani, nasikia karatasi inavyokwaruza sakafu. Nikajiwekea sharti: hakuna kumlaumu, taja kinachoonekana na kinachosikika. Mahali palipokuwa na "umenitupa kama takataka", maneno ya kila aliyeachwa, nikaandika "ufunguo umerudi, na wewe hukurudi". Maana ilikuwepo, ila mizani haikutosha: silabi nane kwa saba, mdomo unafika kabla ya gitaa. Nilishinda kutwa nzima nikihesabu kwa vidole hadi ikakaa: "Ufunguo umerudi, bila mwenyewe kurudi." Nane kwa nane, na lile "wewe" limeondoka lenyewe. Nilijua nina wimbo. Kwa njia hiyohiyo zikaja nyingine tano.

Sauti nayo ilikuwa imebadilika. Noti za juu za nyimbo zangu za zamani hazikunijia tena, na kuzilazimisha kuliniumiza koo. Nikashusha nyuzi zote sita kwa toni moja nzima, zikawa D G C F A D. Nyuzi zilipolegea zikaanza kugongagonga, kwa hiyo nikafunga nene zaidi. Nilikuwa nikimkumbuka Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, aliyeugua polio akiwa na miaka 9, mkono wake wa kushoto ukadhoofika. Akawa anazikaza nyuzi kwa mitindo yake mwenyewe, na kutoka humo ukatoka muziki usiofanana na wa mtu mwingine. Sauti yangu ya sasa ni nzito na ina ukavu kidogo. Naipenda kuliko ya zamani.

Nilirekodi chumbani usiku, mgongo kwenye kabati lililo wazi, nguo zinameza mwangwi. Gitaa na sauti kwa pamoja, maiki moja, mara moja bila kukata. Ukirekodi hivyo ni vigumu kurekebisha sauti peke yake baadaye, maana gitaa limeshaingia humo humo. Niliimba wimbo wa ufunguo mara kumi na nne; niliyoichagua ni ya tatu. Kabla ya ubeti wa mwisho ninavuta pumzi, inasikika wazi. Prodyuza aliyenisaidia kuandaa rekodi alitaka kuiondoa. Nikakataa, na nikisikiliza leo ninashukuru nilikataa.

Wengi walinishauri nianze na kiitikio, kwa kuwa Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, huhesabu wimbo umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Niliacha gitaa lipige peke yake sekunde ishirini za mwanzo. Kilichonisaidia ni daftari la zamani lenye anwani za barua pepe za watu 212 walionunua albamu ya kwanza. Nilimwandikia kila mmoja kwa jina lake, barua kumi kwa siku. Walijibu zaidi ya nusu. Mmoja alisema aliimba wimbo wetu akimbembeleza mtoto ambaye sasa anaenda shule. Hao ndio walioanza kunialika kwenye kumbi ndogo za viti arobaini, wakaja na wenzao, na kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nimepanda jukwaani mara ishirini na sita.

Huko watu waliomba nyimbo za zamani, nazo zikaanza kusikilizwa upya. Nusu ya utunzi wake ni ya yule aliyeondoka, na hatukuwahi kuandikishana. Ilibidi nimwandikie: jina la kila wimbo, nusu kwa nusu, sahihi hapa. Sikuongeza neno. Baada ya wiki tatu karatasi ikarudi ndani ya bahasha, ina sahihi na tarehe tu. Safari hii ilikuja kwa posta.

Jioni ile nilikuwa na onyesho. Nilifungua na wimbo tuliotunga pamoja, nimeushusha kwa toni moja, na sehemu yake ya kuitikia nikawaachia waliokuja waiimbe.