Menyu ya katalogi ya filamu iliyogoma kwenye simu

Msambazaji mmoja wa filamu aliniletea malalamiko ya watazamaji wa tovuti yake: filamu mpya zinaonekana, za zamani hazipatikani. Kwenye kompyuta mambo yalikuwa shwari. Kwa simu ndipo nikaelewa: menyu ya "Katalogi" ilifunguka kwa kupitisha kishale cha kipanya juu yake tu, na kidole hakina kishale. Ukigusa, unatupwa ukurasa mwingine kabla hujaona chochote. Nikaifanya ifunguke kwa kubofya, kisha nikapandisha kisanduku cha kutafuta juu kabisa. Viungo vya mwaka na mwongozaji vilibanana mno. Nikavipanua kupita pikseli 24 kwa 24, kiwango cha chini cha WCAG 2.2, mwongozo wa 2023 wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu. Mabango yanayojizungusha yenyewe (yananikera kweli) niliomba yaondolewe. Wakakataa, basi nikaweka kitufe cha kuyasimamisha.