Kabichi za Kambi

Binti wa kaka yangu kanitumia orodha. Majina ya mujibu wa sheria, wale wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yametoka, la kwake limo, na sasa nyumba nzima inahangaikia bukta. "Shangazi, eti kwa nini isiwe na zipu?" Ujumbe wa sauti wa dakika mbili, nusu yake ni kaka anafoka kwa nyuma kwamba bluu iliyokolea hakuna Kariakoo nzima, iliyopo ni bluu bahari, na bluu bahari wameandika ni ya mashuka. Nikamwambia achukue yenye mpira kiunoni, ifike magotini, anunue mbili, na raba azivae wiki nzima kabla ya safari. Ya zipu sikumjibu. Siku ya kwanza ya kuruka kichura atajijibu mwenyewe.

Kisha akaniuliza lile ambalo nilidhani nina jibu lake. "Kule mlifundishwa nini hasa?"

Nikaanza: uzalendo, ukakamavu, stadi za kazi. Nikajisikia nasoma bango la getini. Kichwani mwangu hakukuwa na chochote kati ya hivyo. Zilikuwepo kabichi.

Basi ni Juni 2014, kambi moja ya nyanda za juu kusini. Tuliopita pale tunaijua, wengine haitawasaidia kitu. Mtoto wa Tanga mimi, niliyekuwa naamini sweta ni nguo ya watoto wachanga, nikashushwa kwenye basi saa kumi na moja alfajiri, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Begi likapekuliwa, simu ikachukuliwa, kilichofuata ni dabo: kwenda bwaloni mbio, kwenda chooni mbio, kwenda kulala mbio. Yaliyobaki mnayajua au mmesimuliwa. Mchakamchaka usiku haujaisha, ugali na maharage, shamba, doria usiku na rungu mkononi ukilinda kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitaka. Nilipopata nafasi ya kumpigia mama simu nikalia kidogo. Mama alipita JKT enzi zao, mwaka mzima, kabla serikali haijasitisha mpango ule mwaka 1994. Sisi tulikuwa mwaka wa pili tangu urudishwe, tukapewa miezi mitatu. "Miezi mitatu?" mama akasema. "Hiyo ni semina, mwanangu."

Afande wetu wa platuni alikuwa koplo, mwanamke mfupi, fimbo kwapani, na sauti ambayo sijui aliifichaga wapi katika mwili ule. Alikuwa na imani yake moja. Nyie mnakwenda chuo, alikuwa akituambia tukiwa tumekaa chini ya miti, makalio yakiganda. Mkitoka huko mtapewa ofisi, mtapewa watu. Sasa mtu asiyeweza kuamrisha kuruta thelathini watembee na wasimame, huyo ataamrisha wizara? Kwa hiyo katika kwata kila mmoja wetu lazima ashike zamu ya kuongoza platuni. Kiongozi wa zamu anaamka wa kwanza, anakula wa mwisho, na mwenzake akichelewa fatiki, zile kazi za mikono za kambini, anayeulizwa ni yeye. Hayo ya kula mwisho nilidhani ni mateso tu. Baadaye nikaona wakubwa kadhaa ambao laiti wangepita kwa yule koplo.

Ugumu wenyewe ulikuwa uwanjani. Anayetazama kwata kwenye luninga siku ya sherehe za taifa anaona miguu. Aliyewahi kuiongoza anajua kazi yote iko kwenye koo. Amri ina vipande viwili. Cha kwanza unakivuta, watu wajiandae: "Nyumaaa..." Cha pili unakikata: "geuka!" Na hicho cha pili lazima kiangukie juu ya mguu unaotakiwa. Ukikosea mguu, nusu ya platuni inageuka na nusu inakwenda zake. Kisha kuna umbali. Platuni ikishakupa mgongo na kutembea hatua arobaini, raba zinapiga chini, upepo unavuma, wewe umebaki na koo lako. Afande alisema amri itoke tumboni. Wengi wetu ilikuwa inatoka puani.

Padri ilikuwa inatoka wapi, Mungu ndiye ajuaye. Tulimwita Padri kwa sababu alitokea seminari, na kwa sababu hata akikuomba chumvi ilikuwa kana kwamba anakuungamisha. Mrefu, mpole, na kwa akili alitupita wote, ila ile sauti ilikuwa ya kusoma somo la kwanza kanisani, kipaza sauti kikiwepo. Zamu yake ilipofika tulimhurumia tangu kwenye uji.

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka lakini halijaanza kazi. Uwanja wetu upande mmoja uliishia kwenye ofisi, upande wa pili kwenye bustani ya mboga. Kabichi. Matuta yaliyonyooka kuliko sisi, yamemwagiliwa alfajiri, kila kabichi imekaa imejifunga na tone la maji katikati. Zile kabichi zilikuwa na ulinzi kuliko mabweni. Kuruta kukutwa na jani moja mfukoni lilikuwa jambo la kufika mbele ya wakubwa.

Tulijipanga safu tatu. Mimi nilikuwa mbele kabisa, mkono wa kulia. Katikati alikuwepo dada mmoja wa Mwanza tuliyemwita Gari Moshi, maana akianza hasimami, na kushoto kijana wa Mbeya ambaye leo ni luteni jeshini. Padri akatupa mguu sawa, tukasimama. Akatupa mbele tembea, tukatembea. Mpaka hapo vizuri, hata afande akatikisa kichwa kidogo kukubali. Mikono inapanda sawa, visigino vinapiga sawa, ile raha ambayo sipendi kuikiri ikaanza kuniingia, ya kuwa kipande cha kitu kikubwa kinachokwenda pamoja.

Bustani ikawa inakuja.

Hatua ishirini nikawa nasubiri "nyuma". Hatua kumi na tano, kimya. Kuruta hageuzi shingo, kwa hiyo Padri sikumwona. Nilimwona Gari Moshi kwa pembe ya jicho, macho mbele, kidevu juu, hana habari. Hatua kumi. Nikaanza kusikia maji ya mferejini. Kulikuwa na mfereji mdogo, mtu anauruka bila kufikiri, na ng'ambo yake tuta la kwanza. Hatua tano. Nikaziona kabichi moja moja, ile iliyoliwa na wadudu pembeni, ile yenye jani lililopasuka. Nikasema kimoyomoyo, Padri, sema chochote, sema hata Bwana awe nanyi.

Kwenye ukingo wa mfereji nikasimama.

Sikuamua, hilo naweza kuliapia. Mguu wa kushoto ulitua na wa kulia ukakataa. Wa nyuma yangu akanivaa mgongoni, wa nyuma yake akamvaa yeye, na safu yangu nzima ikajikunja pale kama treni iliyogonga ng'ombe. Lakini safu mbili nyingine ziliendelea. Gari Moshi aliuvuka mfereji bila kupunguza mwendo, mkono ukapanda mpaka usawa wa bega, na raba yake ikatua katikati ya kabichi ya kwanza. Ule mlio sijausahau. Kabichi mbichi ikikanyagwa hailii kama jani, inalia kama kitu chenye mifupa. Kisha ya pili, kisha zikawa nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu nyuma yake walikuwa wanaingia wawili wawili, kushoto kulia, kushoto kulia, watu wazima waliofaulu kidato cha sita, wamekodoa macho mbele, matope mpaka kwenye soksi, na hakuna aliyekosa mguu. Kwa kwata, walikuwa wazuri sana. Nadhani hatujawahi kutembea vizuri vile.

"Platuni, simama!" Hiyo haikuwa sauti ya Padri. Ndege waliruka kwenye miti.

Afande alikuja bila haraka, na hilo ndilo lililotutisha. Akapita katikati ya matuta, akainama, akaokota nusu ya kabichi, akaikung'uta udongo. Akaja kwangu kwanza.

"Wewe. Nani kakuambia usimame?"

"Hakuna, afande."

"Ulisikia amri?"

"Hapana, afande."

"Kwa hiyo umejipandisha cheo."

Nikanyamaza. Akavuka mfereji akaenda kwa Gari Moshi, ambaye bado alikuwa ameganda mguu sawa, kabichi mbili zimelala chini yake.

"Na wewe. Macho unayo?"

"Ndiyo, afande!"

"Yanafanya kazi gani?"

Gari Moshi akafikiri. Nikaona kabisa kwamba anafikiri. "Yanatazama mbele, afande!"

Hapo kuna watu waligeuza vicheko vikawa kikohozi. Afande hakucheka. Alitutenga makundi mawili, waliosimama huku na walioingia kule, tukajua sasa kundi moja litaachiwa. Tulikula doso sote, kichura kutoka bustanini mpaka mlingotini na kurudi, idadi ile ile kwa ile ile. Na Padri, tuliyedhani ataliwa mzima, aliambiwa atuhesabie. Kwa sauti. Kila hesabu isiyosikika ng'ambo ya uwanja tulianza upya. Tulianza upya mara nyingi, jamani. Lakini mwishoni kabisa, sauti imeshamkauka, alitoa namba moja ikafika mpaka jikoni, wapishi wakachungulia.

Jioni tulikula kabichi, na kesho yake tena.

Nilimsubiri afande atufafanulie. Mimi ni mtu wa namna hiyo, nataka majibu yaliyosahihishwa. Nikadhani katika kile kipindi cha chini ya miti atasema nani kati yetu alikuwa sahihi. Hakurudia kabisa ile habari. Mpaka tunafunga mafunzo na kula kiapo, sikujua kama nilifanya kosa dogo au kubwa kuliko Gari Moshi.

Nilipomsimulia mama, mwalimu wa historia mpaka amestaafu, akanipeleka mbali, kama kawaida yake. Akasema kuna wenzenu waliosimama kwenye mfereji kabla yenu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kukataa masharti ya utumishi wa lazima JKT, hasa lile la kubaki na asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza chuo karibu 400, warudi kwao. Na papo hapo akatangaza kwamba mshahara wake yeye mwenyewe unapunguzwa kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye nchi ikawa na Azimio la Arusha. Mmoja wa wale waliotimuliwa ni Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

"Kwa hiyo waliosimama walikuwa sahihi?" nikamuuliza.

"Nimesema hivyo?" mama akanijibu. "Walikuwa wanatetea mishahara yao. Nilikuwa nakuambia tu kwamba hata waliofukuzwa walikuja kuwa viongozi."

Siku hizi nina watu chini yangu, kama afande alivyotabiri, ingawa si wizara. Ninao wa aina ya Gari Moshi. Ukimpa kazi Jumatatu, Ijumaa imekwisha, hata kama Jumatano ilishaonekana wazi kwamba haifai tena. Ninao pia wa aina yangu, ambao mguu wao hukataa wenyewe, na nyuma yao wenzao wanagongana. Ikifika tathmini ya mwisho wa mwaka nawapa alama zinazolingana, na wote wananuna.

Tuna kundi la WhatsApp la platuni, na mwaka juzi kuna mtu aliibua tena habari ya kabichi. Watu hawakulala. Wale ambao sasa ni walimu walisema tuliosimama tulitumia akili. Yule wa Mbeya, luteni wetu, akaandika kwamba vitani akili za mtu mmoja mmoja ndizo zinazoua wenzake, kisha baada ya dakika tano akaongeza kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameuona mfereji na aliogopa kusimama peke yake. Gari Moshi, ambaye sasa ni muuguzi, akasema yeye hakuona mfereji wala kabichi mpaka aliposikia simama, na hajui tunabishania nini.

Padri aliingia usiku wa manane. Ni mhasibu, yuko Dodoma, ana watoto wawili na bado anaandika kwa upole. Akasema amri aliitoa. Nyuma geuka, kwenye mguu wake sahihi, hatua ishirini kabla ya bustani. Upepo ulikuwa unatokea mbele yake, ukairudisha. Akasema amekuwa akitaka kutuambia tangu siku ile ila afande alikuwa ameshamwambia ahesabu.

Kuna aliyemjibu kwa emoji za kucheka. Mimi nimejaribu kukumbuka kama asubuhi ile kulikuwa na upepo, na upande gani.