Nilivyoulizia bangi ya hospitali kwa ajili ya mwanangu

Mwanangu alikuwa kidato cha tatu alipoanza kukonda hadi sketi ya shule ikawa inashikiliwa kwa pini. Hapa Uyole kila mtu ana dawa ya mtoto asiyekula. Niliambiwa ni minyoo, nikaambiwa amerogwa, kisha jirani ninayemheshimu akaniita pembeni: "Mama, mchemshie bangi kidogo kwenye uji. Malawi wameshaihalalisha, na mpaka wa Kasumulu si mbali."

Sikumpuuza. Mtoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, na dawa haikataliwi kwa sababu ya jina lake tu. Nilichotaka ni njia ya halali.

Kwetu haipo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 imeikataza bangi, na hakuna utaratibu wa mgonjwa kuandikiwa na daktari akaichukue duka la dawa. Malawi nao, sheria yao ya 2020 inatoa leseni kwa wakulima na wasindikaji wa bangi ya tiba na ya viwandani. Haijamruhusu mama kutoka Mbeya kununua kete sokoni na kuvuka nayo mto Songwe wa mpakani. Kuvuka nayo ni kuingiza dawa za kulevya nchini, basi.

Daktari wa afya ya akili nilimuuliza waziwazi, naye hakunifokea. Alinieleza kwamba kuna dronabinoli, vidonge vya kemikali ileile ya bangi iliyotengenezwa maabara, ambavyo Marekani iliviidhinisha mwaka 1992 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliopoteza hamu ya kula na kukonda. Kwa anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula, ambao ndio aliomkuta nao mwanangu, ushahidi ni mdogo. Denmark walivijaribu kwa wanawake waliougua miaka mingi, wakaongezeka chini ya kilo moja kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jaribio la Marekani la 1983 halikuonyesha faida, na baadhi ya wagonjwa walipatwa na hofu kali. Tena ubongo wa msichana wa umri ule bado unakua.

Kisha akamgeukia binti: "Njaa huisikii?"

"Naisikia, daktari. Wakipika wali natamani kulia. Naogopa kunenepa."

Maneno hayo yalibadilisha kila kitu nyumbani. Sote tulikuwa tunatafuta cha kumrudishia hamu, kumbe hamu anayo, anapigana nayo usiku na mchana. Bangi ingemwongezea njaa na kumwachia hofu yake.

Tulianza polepole, kwa amri ya daktari, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo vipimo vya damu kwanza, uji wa ulezi wenye maziwa kwa kiasi kidogo, ndipo ndizi, parachichi, karanga za kusaga, na mwishowe wali wenyewe. Mimi ndiye niliyepakua. Yeye hakuchagua kiasi. Mmoja wetu alikaa naye mpaka sahani iishe, na baada ya hapo alikaa naye tena, tukipiga soga za shule na za wajomba wa Tukuyu, chakula kisitajwe. Kuna jioni alilia saa nzima juu ya kipande cha ndizi. Baba yake hakupandisha sauti. Alisema tu, "Najua unaogopa, mwanangu. Kula, nipo," na akarudia hivyohivyo kadiri ilivyohitajika. Namshukuru sana kwa uvumilivu ule. Ndugu tuliwaomba wasimsifie wala kumsema mwili wake, hata kwa nia njema, na mwalimu wa darasa akakubali apumzishwe michezo.

Kliniki bado tunakwenda. Hedhi imerudi, na sketi ile ameshampa mdogo wake. Majira ya mitihani ndiyo humrudisha nyuma, kwa hiyo yakikaribia mimi na baba yake tunapangiana mapema zamu za mezani.