Soksi moja katika Pango la Paka

Kwa kweli mlango ulinivunja moyo. Nilitoka Dublin asubuhi kwa treni hadi Roscommon, mbele yangu mtoto aliyepakwa damu ya rangi mdomoni akinikodolea macho mpaka Athlone, kisha nikachukua teksi hadi kijiji cha Tulsk. Nilitarajia pango kama ya kwetu kusini Unguja, ambamo mtu huingia kwa miguu yake. Hili ni tundu chini ya mti wa miiba, ukingoni mwa malisho ya ng'ombe, kama mlango wa banda la kuku. Kwa Kiireland ni Uaimh na gCat, Pango la Paka. Wenyeji hukwambia Halloween, ule usiku wa watu kujivika sura za kutisha, imetokea hapa.

Jina Halloween halikunisumbua. Ni usiku wa kuamkia sikukuu ya Kikristo ya Watakatifu Wote, basi. Na aliyelelewa na bibi anayeita Alhamisi ikishakuchwa "usiku wa Ijumaa" haoni ajabu sikukuu kuanza na giza. Kabla ya watakatifu palikuwa na sikukuu ya kale, Samhain, hutamkwa kama "sawin", na hadi leo ndilo jina la Novemba kwa Kiireland. Waandishi wao wa kale walilifafanua kuwa mwisho wa kiangazi. Maboga ya kuchongwa sura ni ya juzi, yametoka Marekani. Hapa walichonga mizizi ya shambani iliyofanana na figili kubwa, na ukiuona mmoja hutalala.

Kiongozi wetu, mzee mwenye gambuti, alitutangulia kwa magoti. Akamulika jiwe la juu ya mlango: ukingoni mna mikato mifupimifupi, kama mtu aliyehesabu madeni. Ni maandishi ya ogham, alfabeti ya kale ya Kiireland, yanamtaja Fraech, mwana wa Medb. Medb ndiye malkia wa Connacht, nchi hii ya magharibi, katika hadithi zao, na jina lake lina asili moja na neno la pombe ya asali. Mwenye kulevya. Nikamwona mara moja, amekaa kitako anatoa amri.

Ndani ni ufa wa mawe ya chokaa, mita 37 hivi, unateremka kwenye tope zito. Gambuti langu la kushoto likanasa. Mguu ukatoka mtupu. Kiatu tulikivuta tukakipata, soksi hatukuiona tena. Mwisho wa ufa mzee akasema tuzime taa. Nilileta kiganja mbele ya pua, sikukiona. Akatusimulia gizani: humu ndimo alimotoka Ellén mwenye vichwa vitatu, akaiharibu nchi, kisha ndege ambao pumzi yao ilikausha kila ilichogusa. Watawa walioandika hadithi hizo wakapaita mlango wa Jehanamu. Mtawa angepaitaje vingine?

Nikamwuliza kuhusu banshee, yule mwanamke anayelia usiku mtu akikaribia kufa. Akalikata neno vipande viwili: bean, mwanamke, sí, kilima. Sí kwanza ni kilima chenyewe, kile cha makaburi ya kale, halafu ikawa jina la wanaokaa ndani yake.

Hapo nilinyamaza, kwa sababu hilo ni mzimu. Kwetu mzimu ni pango, au mbuyu, unapopeleka ubani na kitambaa. Na mzimu ni huyo huyo aliyemo. Jini si hivyo. Jina lake limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kufichika, huo huo uliozaa janna, bustani iliyofunikwa na miti. Jini hana anwani. Mzimu anayo, na huyu wa kilimani anayo.

Jioni nikampigia mama, shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Hakuuliza habari za Ellén.

"Sasa huko mzimuni umepeleka nini?"

"Sikupeleka kitu, mama."

"Hata ubani?"

"Nimeacha soksi."

Akakaa kimya kidogo. "Ilikuwa safi?"