Mkono Ndani ya Koti: Polisi Anamwonaje Raia Mwenye Bastola Kiunoni

Kuanzia Mei hadi Agosti, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kila mtu yumo ndani ya koti. Makambako, Njombe, Makete, Uyole, usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 na hakuna anayetembea na shati tupu. Mfuko wa ndani wa koti ndiyo kabati la mwanamume: pochi, simu, leseni ya udereva, kitambulisho. Bastola nayo, kwa mwenye kibali, hukaa sentimita chache tu chini ya mfuko huo. Sasa mfikirie askari aliyesimama kando ya barabara saa nne usiku, ukungu umetanda, tochi mkononi. Mkono unaoingia ndani ya koti kufuata karatasi na mkono unaoingia kufuata silaha, kwake yeye ni mkono mmoja. Hana namna ya kuutofautisha mpaka utoke.

Hapo ndipo ilipo hofu ya polisi. Wamiliki wengi wa silaha hulalamika, "Nina kibali halali, mbona ananihoji kama jambazi?" Malalamiko hayo yanasahau kwamba askari hakioni kibali. Anaona mabega, macho na mikono, na mwisho wa yote anaona mikono.

Kibali chenyewe kinatoka polisi, na hakitoki kirahisi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ombi huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaokufahamu, hupanda kata, hufika kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, huenda mkoani, kisha kwa Msajili wa Silaha. Watu wengi wanakuwa wameulizwa habari zako. Ndiyo maana OCD aliyepitisha jina lako anaweza kukusalimia kwa tabasamu. Lakini si OCD anayesimamisha magari Igawa au Inyala usiku. Ni koplo aliyehamishiwa hapo juzi, hakujui wewe wala ukoo wako. Zaidi ya hapo, kitabu cha silaha, yaani kijitabu cha kibali chako, kinamwambia kwamba siku ulipochunguzwa ulionekana mtu safi. Hakimwambii kama leo umekunywa, umefiwa, umedhulumiwa fedha Chunya au umetoka kugombana na mkeo.

Ni kosa pia kuwaweka polisi wote kwenye kapu moja. Trafiki mara nyingi yuko na mwenzake mmoja, hana bunduki, na anakaribia dirisha la gari kwa miguu. Ukimtajia silaha ghafla umempa tatizo asilokuwa na kifaa cha kulitatua, kwa hiyo atarudi nyuma, atapaza sauti au ataita wenzake. Asikuudhi. Askari wa doria wana bunduki za SMG, wako wengi, na wamezoea kufikiria ujambazi wa mabasi na malori kwenye barabara ya Tunduma. Wao huwa watulivu zaidi wakiambiwa mapema, na wakali sana wakigundua wenyewe. Mpelelezi aliyevaa kiraia ndiye wa kuogopewa kwa maana nyingine: yeye na wewe wote mna silaha zilizofichwa na hakuna sare kati yenu. Akijitambulisha, mwombe kitambulisho kwa sauti ya kawaida huku mikono yako ikiwa wazi. Mwenye gobore kijijini hana shida hii, maana gobore haifichiki, kila mtu ameiona toka mbali.

Kuna mambo matatu ambayo askari wengi huyachukia kwa raia mwenye bastola, na nadhani wana haki katika yote. La kwanza ni kuionyesha baa. Mtu akiinua shati ili wenzake mezani wajue kwamba ana "chuma", hapo hapo amewatangazia wezi mahali ilipo. La pili ni kuiazimisha. Kibali ni cha mtu na cha silaha yenye namba yake. Ukimpa dereva wako anayepeleka fedha za mpunga Mbarali, au mdogo wako anayekwenda kununua parachichi Rungwe, mmeingia makosani wote wawili hata kama nia ilikuwa njema. La tatu ndilo zito zaidi: kuporwa. Bastola iliyoibwa kwenye gari lililoegeshwa nje ya gesti inakuwa silaha ya jambazi, na huenda ikaelekezwa kwa askari huyo huyo aliyekukagua. Ukiipoteza, toa taarifa kituoni mara moja. Anayekaa kimya kwa aibu anamwachia askari mzigo ambao askari haujui.

Marekani, ambako mamilioni ya raia hubeba bastola zilizofichwa, swali hili limeulizwa kwa polisi wenyewe. Mwaka 2013 tovuti ya polisi iitwayo PoliceOne iliwahoji wanachama wake, na kati ya askari zaidi ya 15,000 waliojibu, takribani 91 kwa kila 100 walisema wanaunga mkono raia asiye na hatia ya jinai kubwa na mwenye akili timamu kubeba silaha iliyofichwa. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo si picha ya kila askari wa nchi ile, lakini hakika wengi hawakuwa na chuki.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 Julai 2016, Philando Castile alisimamishwa na polisi Falcon Heights, Minnesota. Alikuwa na kibali. Askari alimwomba leseni ya udereva na bima. Castile akatoa bima, kisha akasema kwa adabu kwamba ana silaha. Askari akamwambia asiifikie. Castile akajibu kwamba haitoi. Sekunde chache baadaye askari alifyatua risasi 7 na Castile akafa, mwenzi wake na mtoto mdogo wakiwa ndani ya gari. Juni 2017 baraza la mahakama lilimwachia huru askari huyo.

Angalia mfuatano wa amri zile. Kwanza, toa leseni. Kisha, usiifikie silaha. Leseni ya udereva inakaa mwilini, na silaha inakaa mwilini. Mtu anayetii amri ya kwanza anaonekana kama anavunja ya pili. Castile alitangaza mapema na kwa heshima, na bado hakupona. Ndiyo maana sikubali ushauri mfupi wa "mwambie tu afande ukweli". Ukweli una mpangilio wake, na karatasi zina mahali pake.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuwasha gari. Toa leseni ya udereva na kitabu cha silaha ndani ya koti, viweke juu ya deshibodi au kwenye kinga-jua, mahali panapoonekana na mbali na bastola. Usiviweke kamwe kwenye kisanduku cha deshibodi pamoja na silaha. Ukifungua kufuata karatasi hizo, kitu cha kwanza askari anachokiona kwenye mwanga wa tochi ni bastola. Fungua zipu ya koti hata kama kuna baridi, ili usilazimike kuhangaika nayo baadaye. Ukipigwa mkono, washa indiketa, simama mahali penye nafasi, zima injini, washa taa ya ndani, shusha kioo chote, kisha weka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vikiwa wazi. Abiria naye aweke mikono magotini. Usiteremke bila kuambiwa.

Sentensi ya kwanza isiwe na neno bastola. Neno hilo likitangulia, yanayofuata hayasikiki. Sema hivi: "Habari za kazi, afande. Mimi ni mmiliki halali wa silaha. Kitabu changu ni hicho hapo kwenye deshibodi. Silaha iko kiunoni kulia na siigusi. Nielekeze nifanye nini." Kisha nyamaza usubiri. Akisema toa leseni, tamka kwanza unachotaka kufanya, "Naichukua kwa mkono wa kushoto, afande," ndipo usogeze mkono huo mmoja, polepole. Akikupa amri mbili zinazogongana, usichague mwenyewe. Bakia na mikono usukanini uulize ipi ianze.

Je, aichukue silaha au aiache ilipo? Askari ana mamlaka ya kuikagua, na namba iliyochongwa kwenye chuma lazima ifanane na ya kitabuni. Lakini pale inapowezekana, ibaki kwenye holsta, yaani ala yake, hadi mahali penye mwanga, au hadi kituoni. Silaha isiyoguswa haifyatuki. Askari aliyezoea SMG hafahamu lazima bastola yako: nyingine haina swichi ya usalama ya nje, nyingine swichi iko kwenye kifyatulio chenyewe. Akiamua kuichukua, njia ninayoiamini ni wewe kuteremka, kugeuka kuelekea gari, mikono juu ya paa, na yeye kuitoa. Mmiliki kuichomoa mwenyewe na kumkabidhi ndiyo njia mbaya kuliko zote, hata ukiishika kwa mtutu.

Kosa linaloleta mlio usiotakiwa wakati wa kukagua mara nyingi ni mpangilio. Mtu anavuta sehemu ya juu ya bastola kwanza, risasi iliyo chemba, tayari kufyatuliwa, inaruka, anaona ameimaliza. Lakini magazini, yaani kisanduku cha risasi, bado imo, na sehemu ya juu ikirudi mbele inapandisha risasi nyingine. Kisha anatoa magazini, anaamini ni tupu, anabonyeza. Anza na magazini, siku zote. Itoe, iweke pembeni. Ndipo uvute sehemu ya juu, uishikilie nyuma, uangalie chemba kwa macho na uiguse kwa ncha ya kidole, kwa sababu gizani macho peke yake hayatoshi. Mdomo wa bastola uelekezwe kwenye udongo laini, si kwenye lami wala jiwe, ambavyo hurudisha risasi.

Koti lenyewe lina hatari yake. Zile kamba za kiunoni zenye kifungo cha plastiki mwishoni huingia kwenye holsta wakati wa kurudisha bastola na kukivuta kifyatulio. Zikate. Holsta nayo ifunike kifyatulio chote na iwe ngumu. Za kitambaa laini zinazouzwa kwa bei nafuu hulegea mdomo zikikaa na jasho. Pia ukitoka kwenye baridi ukaingia chumba chenye jiko la mkaa, chuma hutoa unyevu kama kioo cha gari. Ipanguse na uipake mafuta kidogo usiku huo huo, la sivyo itaanza kutu.

Kwenye bodaboda usivae bastola mgongoni: ukianguka, inapiga uti wa mgongo, na upepo ukiinua koti kila aliye nyuma anaiona. Kwenye basi la usiku sioni sababu ya kuibeba kama huna hakika kwamba utakesha macho.

Hali ngumu kuliko zote ni polisi kufika baada ya wewe kuitumia. Wameitwa kwenye tukio la mtu mwenye bastola, na mtu mwenye bastola ni wewe. Pigeni 112, namba ya dharura, mapema, wewe au aliye karibu, mtaje nguo zako: "mwenye sweta jekundu ndiye aliyevamiwa." Hatari ikishapita, rudisha silaha kwenye holsta kabla taa za gari la polisi hazijafika. Usiwakimbilie. Usiokote maganda ya risasi. Ukiamriwa ulale chini, lala, hata kama ni tope. Silaha itachukuliwa kama kielelezo. Omba hati ya ukamataji mali yenye namba ya silaha na idadi ya risasi. Kujitetea kunaruhusiwa na sheria, ila nguvu iwe ya kadiri, na hilo litapimwa baadaye na watu walioketi kwa utulivu.

Kwa askari mnaosoma hapa, naomba mambo machache kwa moyo wote. Raia akisema ana silaha, futeni amri zote za awali na mtoe moja tu: "Mikono usukanini, usisogee." Mwenzako asipige kelele nyingine upande wa pili wa gari. Ulizeni ilipo kabla ya kuomba karatasi yoyote. Aliyetangaza mwenyewe msimdhalilishe mbele ya abiria wake, maana safari ijayo atanyamaza, na askari mwingine ataigundua kwa kushtuka.

Na mkimaliza, rudisheni karatasi kwanza, bastola mwisho, ikiwa tupu, magazini kando yake. Mwenye nayo asiijaze pale dirishani. Aiweke tupu kwenye holsta, magazini mfukoni, aondoe gari taratibu, na aijaze tu akifika mahali penye faragha na mwanga, kizuizi kikiwa mbali nyuma yake.